Kumfikisha Baba Nkome Akashukuriwe

Baba yangu alikwenda vita vya Kagera, ila ukimwambia ahsante anakukatiza: "Nilikuwa mpishi tu." Sherehe za mashujaa hataki hata kuzisikia. Mwenzake wa jeshini, mzee Bahati wa Nkome, kule ziwani, amemwalika miaka nenda miaka rudi bila mafanikio. Mwaka huu alinipigia simu mimi: "Mama Neema, mlete. Nataka nimshukuru tungali hai sote wawili." Nikamuahidi.

Nilimwambia Baba tunakwenda kununua dagaa.

"Kwani Shinyanga dagaa wamekwisha?" aliuliza, huku akipiga pasi shati lake jeupe.

Asubuhi tuliondoka Samuye, na Kahama tukabadili basi. Hapo walipanda wachimbaji wa dhahabu, buti zao zikiwa bado na tope la duarani, huko shimoni wanakochimba. Mmoja alimpisha Baba kiti cha dirishani. Mdomo wangu nao haujui kutulia, nikamwambia kuwa mzee huyu alikuwa askari. Basi zima likageuka, pongezi zikamiminika. Baba akanikanyaga mguu.

"Nilikuwa jikoni," aliwaambia, kisha akajifanya amelala mpaka Geita. Nilianza kuogopa. Kama pongezi za abiria zinamkera hivi, huko Nkome si atageuza na basi hilo hilo?

Nkome tulifika alasiri, dagaa wameanikwa kila mahali. Mzee Bahati alipotuona alipiga kelele: "Masalu! Masalu!"

"Naam!" Baba aliitika, maana ndilo jina lake. Na bwana mmoja mwenye ndevu, ndani ya nyumba, naye akaitika, "Naam!"

"Huyo ni mwanangu wa kwanza," alisema mzee Bahati. "Nilimpa jina lako."

Kwetu, mwenye jina la baba yako ni baba yako. Nikapiga goti, nikampa shikamoo yule bwana wa rika langu. "Marahaba, mwanangu," alijibu kwa haya, watu wakaangua kicheko.

Baba hakucheka. "Bahati, mimi nilikuwa mpishi tu."

"Na mimi risasi zilinikosa, tumbo likanipata! Naharisha, kusimama siwezi. Nani alininywesha uji kijiko kwa kijiko? Jenerali?"

Mkewe naye akapiga goti mbele ya Baba. "Bila wewe nisingekuwa na mume," alisema. Baba alijaribu kumwinua, mama wa watu akagoma kuinuka mpaka ajibiwe. Baba akahangaika, akanitazama, mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Nimepokea, mama." Nililia mbele za watu wala sikuona aibu.

Kesho yake tulirudi na gunia la dagaa tulilopewa bure. Njiani niliwaza kwamba watu wazima hawa walidai haki yao ya kushukuru, nami mtoto wake nilikuwa nimekubali kukatizwa miaka yote.

Tulipofika Samuye nilipiga goti mlangoni. "Wabeja, baba," nilimshukuru kwa Kisukuma chetu. "Ahsante kwa kwenda vitani."

"Nimepokea, mwanangu."

Akavuta kigoda, akakaa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, akaanza kunisimulia vita vilivyokuwa.