Foleni ya Chemchemi ya Chini

Walimwita Bibi Mtaro, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa heshima. Alipofiwa na mumewe, kila mvua ilikuwa ikimshushia shamba lake bondeni. Akasema liwalo na liwe, akachimba mitaro kukata mteremko, udongo akiutupa upande wa juu na kingo akizipanda majani. Majirani waliopita walisema anajichimbia kaburi refu kuliko mwili wake.

Walipita, ndiyo. Chemchemi pekee isiyokauka ilikuwa nyuma ya nyumba yake, na wanawake wote wa bondeni walipanda na madumu kupitia uani. Wakirudi walitua mizigo kwenye gogo la mlangoni, wakawateta waume, mawifi na wakwe. Bibi Mtaro alijua mimba za watu kabla ya waume zao.

Kisha mitaro ikafanya kazi yake. Maji ya mvua yakaacha kukimbia, yakazama ardhini, na baada ya misimu michache chemchemi ya chini, iliyokauka zamani, ikatoka tena. Bonde zima likashiba. Na nani atapanda mlima kufuata maji aliyonayo miguuni? Wahenga walisema tenda wema uende zako. Kwake, walioenda zao ni wengine. Gogo likaota kuvu. Wanawe wako mjini, na simu zao ni za Jumapili. Siku nyingine alisimama na jembe juu ya mtaro, akijua kuubomoa si kazi ngumu, na chemchemi ya chini ingekauka tena. Badala yake alizoa matope yaliyouziba, akarudi ndani. Upweke ulimuuma kweli.

Asubuhi moja alibeba dumu tupu, akaiacha chemchemi yake, akateremka. Foleni ilikuwa ndefu, soga limekolea. Akatua dumu mwishoni.

"Haya, nani kaolewa?"

"Shikamoo Bibi! Mpaka huku?"

"Marahaba, wanangu. Maji ya huku matamu."

"Jamani, mpisheni Bibi!" akapaza sauti mke wa fundi baiskeli. "Maji haya ni jasho lake, halafu apange foleni? Hatuoni haya?"

"Niacheni tu, sina haraka."

"Hata! Ukapumzike."

Wakamchukulia dumu, likajaa kabla hajapata pa kukaa. Wakamtwisha kwa adabu zote, wakampisha njia. Alipofika kona ya kwanza ya mlima, alisikia kicheko kikubwa huko chini. Akasimama kidogo, asijue habari ilikuwa ya nani.