Giaboksi Ndani ya Blanketi

Mniombee, maana sijui nitatokaje huku jikoni.

Leo Baba amerudi nyumbani Dabani baada ya miezi miwili ya matibabu Tororo. Nikasikia honi langoni. Si honi moja, tatu! Rafiki zake wenye magari ya kizamani wamemsindikiza kwa mwendo wa kobe njia nzima.

Nikafurahi. Nikabandika chai.

Mzee Wafula, yule wa Busia ya Kenya, akashusha kitu kilichofungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Giaboksi!

"Nilitoa kwa gari yangu," akamwambia Baba. "Yako itembee kwanza. Yangu itangoja."

Yaani yeye amekuja kwa lifti. Gari lake liko juu ya mawe.

Baba alilia, jamani. Gari letu babu alilinunua enzi za Mwingereza, na Baba ameitafuta hiyo giaboksi miaka sita.

Sasa sikieni.

Mwezi uliopita daktari alituambia tujiandae. Nikajua Baba harudi. Nikawaita watu wa vyuma chakavu, wakalitoa gari stoo, wakalikata vipande pale uani.

Hajui.

"Mama, leta ufunguo wa stoo!" ananiita mimi bintiye, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipougua. Wazee wote wameshakunja mikono ya mashati.

Nimejibu kwamba bado nautafuta.

Nyinyi mngeanzia wapi kumwambia?

Ufunguo ninao mkononi.