Viti vya Gari Viko kwa Jirani

Haya nyinyi wote, tulieni niwaambie, hata kama nimechoka mpaka ulimi unataka kulala. Juzi hapo Runyenjes nimeona kagari kadogo ka van, watoto na nyanya yao wote wamekaa kwa viti. Nikakumbuka ketu, kule Kibirichia.

Baba alisema ni gari ya familia, lakini viti vya nyuma vilikuwa vinatolewa ndio magunia ya waru, hivi viazi, yaingie. Ilinuka udongo na petroli mpaka nzi walikuwa wanapitia mbali. Viti navyo vikawa vya kuazimwa na kijiji mzima. Mimi nilikuwa nafikiria kiti ndio inaendesha gari. Injini nimekuja kuijua nikiwa mkubwa.

Mchana mmoja Mama alijifunga kitambaa mpya. Alitaka mara moja tu afike kwa mama yake huko Muthara akiwa amekaa vizuri, sio kulalia magunia. Lakini viti vilikuwa kwa jirani, wageni wa mahari wamevikalia. Tukaenda polepole, Mama ameshika kiuno.

"Wazee, samahani. Naomba viti vya gari, tunasafiri."

Mzee mmoja, sahani ya nyama kwa magoti, mshipi wa kiti cha gari amejifunga kabisa, akamwangalia.

"Mama Kendi, si ungoje tufike kwanza!"