Benchi la Wenye Meno

Mke wangu, mja mzito, alirudi kutoka kliniki akaniambia bila kuzunguka: "Wamenipima, nina kaswende. Mimi nimeshachomwa sindano. Kesho ni zamu yako."

Kesho yake nikaenda hospitali hapa Dodoma. Mlango wa magonjwa ya zinaa ulitazamana na wa meno. Mimi, ninayewahimiza wasomaji wa safu yangu gazetini wasione haya kupima, nikaketi benchi la meno na kushika shavu.

Benchi lilijaa. Jirani yangu wa mtaa wa Kikuyu, mwimbaji wa kwaya, naye kashika shavu.

"Gego?" nikamuuliza.

"Gego, ndugu yangu. Na wewe?"

"La juu."

Muuguzi akafungua mlango. "Wa meno, ingieni!"

Akasimama bibi mmoja tu kutoka Hombolo, shavu limevimba kweli. "Mbona hawa hawanyanyuki?" akauliza.

"Hao, bibi, wanaumwa kwingine," muuguzi akajibu, akatuonyesha mlango wa pili.

Tukanyanyuka karibu benchi zima, wenye tai na wenye kandambili, hakuna aliyemtazama mwenzake. Siku hizi za soko huria mjini kila kitu kinanadiwa, ila ugonjwa wa watu wengi namna hii tunauita gego.

"Unasumbuliwa na nini?" daktari akaniuliza. Nikanong'ona.

"Sema kwa sauti, mzee."

Nikashindwa, mimi ninayekula kwa maneno. Akanipima damu, akanichoma sindano.

Mtoto alizaliwa salama, akilia kwa sauti ambayo baba yake aliikosa mbele ya daktari.