Baba Mkwe Anangojea Kitovu cha Mtoto Wangu

Admin, nifiche kabisa, huku Mwala tunajuana. Niko na miaka ishirini na tisa, mimba ya kwanza, miezi minane, na kichwa kinataka kupasuka.

Nafanya usafi kwa kampuni ndogo huko Athi River. Wanachukua damu ya kitovu kwa mama aliyejifungua, wanatoa seli changa wanazikuza, ili siku moja zitibu magonjwa ya ubongo. Daktari wetu aliniomba nikijifungua niwaachie kitovu. Nikaona si neno. Nikamwambia bwanangu, naye na huo mdomo wake akaenda kuropoka kwa wazazi.

Baba mkwe alikuwa mchongaji vinyago hodari. Siku hizi ana ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka, hata chai ananyweshwa. Na nyinyi mnajua Ukambani, mke wa mwana na baba mkwe hawakaribiani, ni nthoni. Tangu niolewe hajawahi kufika jikoni kwangu. Jumapili namwona huyo mlangoni! Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Nikaangalia chini.

"Mwaitu," akaniambia, yaani mama, "skani ilisema ni mvulana, si ndiyo? Basi ataitwa jina langu. Huyo ni mimi, na kitovu chake ni changu. Waambie hao madaktari wasimpe mtu mwingine."

Mama mkwe akatokea nyuma yake kama moto. "Kitovu kitazikwa hapa nyumbani, mtoto ajue kwao!"

"Wewe nyamaza. Kwani ni wewe unatetemeka?"

Sasa wenzangu, hawa wazee hawajui kitu kimoja. Hizo seli bado zinajaribiwa kwa panya. Nilimuuliza daktari, akaniambia bila kuficha, "Kwa watu bado sana, na pengine isiwezekane." Kitovu changu kitaenda kwa utafiti tu, mzee hatapata hata tone.

Bwanangu ananikataza kusema. "Si umeona ameanza kula tena? Mwache." Na ni kweli, mzee anakula, anacheka, juzi amemwambia mteja wake wa zamani angoje kidogo, atamchongea. Niliposikia hivyo nililia kama mtoto.

Nikimwambia ukweli nitamuua moyo. Nikinyamaza, mwezi ujao nikitoka hospitali ataninyooshea hiyo mikono aniulize dawa yake iko wapi. Hata wenye matusi njooni, mradi mniambie: huyu mzee nimwambie, ama ninyamaze?