Baiskeli Mbili Kutoka Nyamitaba

Wazee watatu wa kanisa waliniita nyuma ya shule yao wakanipa maneno ya kusema Jumapili mbele ya watu wote: kwamba mke wangu alipanda baiskeli kwa ukaidi wake, na kwamba mimi sikumruhusu. Nikiyasema, nitabaki mwalimu. Nikikataa, nitafute kazi nyingine. Nilikubali kabla hawajamaliza kuzungumza. Nilipaswa kukataa, nivae kofia yangu niondoke. Nilikuwa na mikono ya kulima kama baba yangu. Sababu yangu ilikuwa woga, na sitatafuta nyingine leo.

Lakini safari yenyewe siijutii. Anayesoma hapa akingoja nitubu kwa ajili ya baiskeli, au kaputula, au treni, asiendelee. Hayo ningeyafanya tena kesho kama magoti yangu yangekubali.

Nilikuwa nafundisha karibu na Nyamitaba, kwenye vilima vya Masisi, miaka ya hamsini, wakati Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala. Mke wangu alitoka Pinga, kwenye msitu. Baba yake alikuwa mwindaji. Watu wa kwetu, wenye ng'ombe na maharage, walimwona kama mtu aliyekuja kwa bahati mbaya. Jioni moja alikuta kitabu changu cha shule kimefunguka kwenye picha ya treni. Aliitazama muda mrefu.

"Usukani uko wapi?" aliuliza.

"Haina usukani. Inafuata vyuma chini."

"Na ikifika kwa kona?"

"Vyuma vinakunja, na yenyewe inakunja."

"Wewe uliiona?"

"Sijaiona."

"Basi Mwalimu, unafundisha batoto kitu haujaona."

Konji ya shule, yaani likizo ndefu, ilikuwa karibu. Nikamwambia tutaenda kuiona, kwa baiskeli, polepole, tukilala njiani kwa watu. Kaka yangu aliumia goti akaniachia baiskeli yake, kwa hiyo pamoja na yangu zilikuwa mbili. Nilimfundisha mke wangu nyuma ya shamba la mihogo, nikikimbia huku nimeshika kiti. Kikwembe chake, kitenge cha kujifunga, kilinasa kwenye mnyororo mara mbili, na mara zote mbili akaanguka. Mara ya tatu nilimletea kaputula yangu ya kaki avae ndani, na kikwembe akakifunga juu, kifupi. Mimi ndiye niliyemletea. Naandika hivyo ili pasiwe na shaka.

Siku zile hukuweza kutoka kwenu kwenda mbali bila karatasi yenye muhuri, na juu ya karatasi lazima iandikwe sababu. Karani wa biro ya teritware, yaani ofisi ya wilaya, mtu wetu mweusi mwenye kalamu mbili mfukoni, aliniuliza sababu.

"Kutembea," nilisema.

"Kutembea kwa nani?"

"Kwa hakuna mutu. Kuona nchi, kupanda treni, kurudi."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Mwalimu, bazungu njo banatembeaka bure. Sisi tunaendaka kwa kilio. Niandike shangazi amekufa."

"Shangazi yangu iko muzima. Jana alikula kwangu."

"Kila mutu anasema ivo. Hapa kwa meza yangu nimeshazika mashangazi ya teritware yote."

"Andika kutembea."

Aliandika. Alimwonyesha karani wa meza ya pili, na yeye akacheka. Nilitoka pale na muhuri wangu na kifua mbele. Nilijiona mtu asiyeweza kusema uongo.

Tulishuka kutoka Masisi asubuhi ya baridi, mimi mbele, yeye nyuma. Palikuwa na kizuizi mahali ambapo barabara ilikuwa nyembamba, imekatwa kwenye ubavu wa mlima. Asubuhi magari yalishuka tu, mchana yalipanda tu, na mlinzi aliandika kila kilichopita. Malori matatu yalikuwa yanangoja, watu wamekaa juu ya magunia. Mlinzi aliniruhusu mimi. Mke wangu alimzuia.

"Bibi ashuke, aende na miguu."

"Juu ya nini nishuke?" mke wangu aliuliza.

"Nikiandika kinga mbili, watauliza nani alipanda ya pili." Kinga ndilo jina letu la baiskeli.

"Andika mutu."

Watu wa malori walianza kucheka. Mlinzi alitaka wacheke upande wake, akainama kutazama chini ya kikwembe. "Na hii kaputula ni ya nani?"

"Ya bwana yangu. Ao ulitaka nivae yako?"

Mama mmoja juu ya gunia la maharage alipiga makofi. "Mufungulie, Papa, kabla hajakuvua na yako!" Mlinzi aliinua mti wa kizuizi bila kututazama. Mke wangu alipita akiwa wima kwenye kiti, na kwenye mteremko ule hakushika breki mpaka kona ya pili. Nilimfuata nikisali.

Kwenye msitu wa Walikale alibadilika. Alijua kila mti na kila sauti. Baba yake alikuwa amempa kengele ya mti, ile ambayo wawindaji huwafunga mbwa shingoni, na aliifunga kwenye usukani. Katika kijiji kimoja wanaume wanne walitoka mbio na mikuki, wakidhani mbwa wanafukuza mnyama. Walimkuta yeye.

"Nyama iko wapi?" waliuliza, wamesimama vibaya.

"Iko nyuma, inahema," alisema, akanionyesha mimi nikipanda kilima na jasho.

Walituweka pale siku mbili. Hatukuwa na haraka. Tulikula samaki wa mto kwa majani ya mihogo, tulioga, tulilala mchana. Watu waliuliza tunaenda kwa nani, na kila mara tulijibu kwamba hatuendi kwa mtu, tunatembea. Wengine walidhani tumefukuzwa mahali. Mzee mmoja alifikiri kidogo kisha akasema kwamba hata yeye angependa, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kuwa inawezekana. Tulipita Walikale, tukapita Mubi, na huko dereva wa lori alitupandisha pamoja na baiskeli zetu kwa siku zilizobaki, mpaka mto mkubwa. Tulivuka kwa mtumbwi. Upande wa pili, Ponthierville, treni ilikuwa imesimama inatoa moshi.

Mke wangu hakuja kwenye gari la abiria. Alienda moja kwa moja mbele, kwa mtu aliyekuwa anapakia kuni.

"Kaka, nionyeshe usukani."

"Haiko, dada. Njia yenyewe njo inaishika."

Alichuchumaa, akatazama magurudumu na chuma chini yake, akapitisha kidole. Kisha akanigeukia. "Basi Mwalimu alisema kweli. Mara moja."

Tulikaa dirishani kwenye benchi za mbao, katikati ya vikapu vya samaki. Alihesabu madaraja kwa sauti, na mama wa jirani akamsaidia. Tuliposhuka mwisho wa njia, mke wangu alisema tungojee treni ya kurudi na tukae upande ule mwingine, kwa sababu upande ule hatukuuona. Mkata tiketi alituuliza kama tulisahau kitu. "Hapana," alisema mke wangu, "tunarudi kuangalia upande wa pili." Sijawahi kuona mtu ameshangaa hivyo kwa jambo dogo hivyo. Na ule upande wa pili ulikuwa mzuri zaidi.

Tuliporudi Nyamitaba, tukisukuma baiskeli kwenye vilima, habari ya kaputula ilikuwa imeshafika. Mfanyabiashara aliyekuwa juu ya lori kwenye kizuizi aliisimulia sokoni, na kila aliyeipokea aliifupisha ile kaputula kidogo. Ndipo wazee watatu wakaniita.

Sikumwambia mke wangu. Hilo ni kosa ndani ya kosa. Jumapili alikwenda kukaa upande wa wanawake kama kawaida, na mimi nikasimama, nikasema kwamba alipanda kwa ukaidi wake na mimi sikumruhusu. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa nimezoea kusema mbele ya darasa. Wimbo uliofuata aliuimba na wenzake mpaka mwisho.

Nyumbani alipika, tukala. Baada ya kula alisema, "Hapa tuko wawili tu. Nani alinishikia kinga nyuma, wakati nilikuwa najifunza?"

"Mimi."

"Na kaputula?"

"Ni mimi nilikupa."

"Jumapili inayokuja useme ivo. Mule mule, na sauti ileile."

Niliahidi. Jumapili ikafika, mmoja wa wale wazee alikuwa amekaa mbele akinitazama, nami sikusimama. Mke wangu hakunigombeza. Alisema nimebakiwa na Jumapili moja. Ya pili tulikuwa na wageni kutoka misheni kubwa, nikamwambia haikuwa siku nzuri. Jumatatu asubuhi alipakia kikapu chake, akakibeba mgongoni na kamba kwenye paji la uso kama wanawake wa kwao, akaenda Pinga kwa miguu. Baiskeli ya kaka yangu aliiacha imeegemea ukuta, ameifuta vumbi.

Nilimfuata Pinga mara tatu katika miaka miwili. Baba yake alinipokea vizuri, akanipa nyama. Kila mara mke wangu alitoka, akanisalimia kwa heshima, akauliza swali moja tu: "Umesema?" Kila mara nilijibu, "Bado." Alirudi ndani. Mara ya tatu nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya kazi, juu ya nyumba ya shule, juu ya wazee. Hakungoja kuyasikia.

Mwishowe nilisema, katika kanisa lilelile, wale wazee watatu walipokuwa wamekufa na hapakuwa na mtu wa kunifukuza. Vijana walinisikiliza kwa adabu. Hawakujua ninazungumza juu ya nani.

Nilibaki na ualimu mpaka nilipozeeka. Mke wangu aliolewa na mtu mwingine Pinga, akazaa naye watoto wanne, akafia huko, na waliomzika hawakuniita. Mimi sikuoa tena, na sina mtoto. Kwa kuokoa kazi yangu nilimpoteza yeye.