Router dirishani, mdogo wangu chumbani: nilivyohangaika na WiFi ya nyumbani Zuzu

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza wala kupunguza kitu. Nayaandika kwa sababu huenda humu kuna mtu ana mgonjwa nyumbani na anaiamini WiFi kama nilivyoiamini mimi.

Naishi Zuzu na mdogo wangu Elia. Wazazi walishafariki. Mimi ndiye mkubwa, shule niliishia darasa la saba, nachomelea mageti Kizota. Elia kamaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Ana sikoseli. Maumivu yakimshika hayapigi hodi.

Nikiwa kazini tunawasiliana WhatsApp. Simu yake haisomi laini, inatumia WiFi tu. Najua mtauliza habari za kitochi, simu ndogo ya batani. Alikuwa nacho, kikatumbukia kwenye ndoo ya maji.

Router yetu ni ile ya kuweka laini. Ndani 4G ilikuwa inasuasua, nikaihamishia dirisha la sebuleni linalotazama mnara wa simu. Speed test ikapanda sana. Nikajua kazi imeisha, maana mchana Elia hushinda kwenye kochi hapohapo sebuleni.

Siku moja asubuhi nikamwandikia, "Umekunywa dawa?"

Tiki moja.

Nikachomelea kidogo, nikavua miwani, nikaangalia. Tiki moja. Nikapiga, haiiti.

Nikampigia jirani yetu, Mama Sechelela.

"Mimi niko shamba huku, baba. Kuna nini?"

Nikakata simu. Niliacha geti la watu nusu, nikachukua boda.

Dereva alikuwa anapiga stori za mvua. Mimi sisikii. Mama yetu naye, siku ile ya mwisho, tulipiga simu haikupokelewa. Hicho ndicho kilichokuwa kinazunguka kichwani. Wakuu, njia nzima nilikuwa natoa simu mfukoni kuangalia kama tiki zimekuwa mbili.

Nafika, mlango wazi. Kochi tupu.

Elia nilimkuta kwenye korido, kalala ubavu sakafuni, jasho linamtoka, simu mkononi. Jua lilikuwa linapiga sebuleni, akaenda kujilaza chumbani kwake. Maumivu yakamkuta huko. Meseji zikagoma kutoka, akaanza kujikokota kuifuata WiFi.

"Kaka, kidogo tu ningeifikia," aliniambia.

Nikambeba. Hospitali wakampa maji na dawa za maumivu, akalazwa, akapata nafuu. Namshukuru Mungu.

Tuliporudi nililala kwenye kitanda chake na simu yangu. WiFi hakuna kabisa! Kumbe nilipima pale router inapopokea, sikupima pale mgonjwa anapolala. Katikati kuna ukuta wa tofali za kuchoma, na umeegemewa na kabati la marehemu mama lenye kioo kikubwa, pamoja na sanduku la bati. Kioo na bati vinairudisha WiFi ilikotoka.

Kabati na sanduku nikavisogeza ukuta mwingine. Router nikaiacha dirishani, maana lazima iuone mnara. Nikatafuta router ya pili, used, nikapitisha waya wa LAN juu ya dari mpaka kwenye korido, nikaiset kama access point, yaani isambaze tu mtandao wa ile ya kwanza, na kuzima DHCP yake ili zisigombane kugawa anwani. Elia yuko kitandani anasoma alama za mtandao:

"Mbili! Tatu! Kaka rudisha, umeiua!"

"Punguza kelele, hujaniajiri."

"Ningekuwa nimekuajiri ningeshakufukuza."

Sasa chumbani inajaa. Jikoni pia, na mpaka chooni inafika kwa mbali.

Nilichojifunza: usipime WiFi mahali unaposimama wewe. Nenda kalale pale atakapolala mtu wako, shika simu yake, funga mlango, ndiyo upime. Na kitochi nimenunua kingine. WiFi peke yake siiamini tena.

Lakini hofu haijaisha. Umeme ukikatika router zote mbili zinazima, na nikiwa Kizota sina namna ya kujua, na kitochi nacho huisha chaji. Kuna mwenye uzoefu wa mini UPS (betri ndogo ya akiba) inayobeba router mbili kwa saa kadhaa? Ipi inadumu kweli?

Elia yuko hapa pembeni anasoma ninavyoandika. Anasema pole zenu amezipokea mapema, leteni majibu ya UPS.